Inapiga stata, haiwaki

Waliosikiliza kipindi cha wiki hii wanajua tulifikaje hapa: tulianza na habari za kazi za zamu, tukaishia kwenye injini, na muda ukatukatika kabla hatujafika popote. Tangu Jumapili nimepokea ujumbe wa sauti mwingi kuliko ule tulioupata kwenye mada ya mahari, na mnakumbuka ile ilivyokuwa. Basi leo naandika kwa kirefu, maana mambo ya gari mtu huyahitaji akiwa amesimama mbele ya boneti wazi na simu mkononi.

Kwanza lugha, kwa sababu nusu ya tatizo letu iko hapo. Sisi tuliokulia huku tunapiga simu nyumbani: "Shikamoo baba, gari haiwaki." Na mzee, kabla hata hajamaliza marahaba, anauliza: "Stata inapiga?" Hapo wengi tunanyamaza. Mzee hauzungushi, hilo ndilo swali la kwanza la fundi yeyote duniani, na jibu lake linakata kazi katikati.

Ukigeuza ufunguo ukasikia kimya, au ukasikia ti-ti-ti-ti kama saa ya ukutani iliyochanganyikiwa, stata haijapiga. Hiyo ni habari ya betri, vichwa vya betri vilivyoota unga mweupe, au stata yenyewe, na leo siizungumzi. Ikizunguka kwa uvivu, rwaaa... rwaaa... rwaaa, betri imechoka. Lakini ikizunguka kwa nguvu zake zote, rwa-rwa-rwa-rwa-rwa, ukangoja ishike na haishiki, hapo ndipo tunapoanzia leo. Mwambie mzee hivi: "Inapiga stata vizuri, haiwaki." Atakaa vizuri kwenye kiti chake, maana sasa mnazungumza lugha moja. Na kuna ndugu yake wa nne: inashika, inanguruma sekunde moja au mbili, inazima. "Inashika inazima." Usiichanganye na ile ya tatu, nitaeleza baadaye kwa nini.

Injini ya petroli inahitaji vitu vichache ili iwake. Mafuta, tena kwa presha inayotakiwa. Hewa. Cheche kwenye plagi, kwa wakati wake. Kompresheni, yaani pistoni iukandamize ule mchanganyiko vizuri. Wazee wetu walikuwa na hivyo tu. Sisi tumeongezewa kimoja: kompyuta ikubali. Mafundi wa Dar wanaiita kontroli boksi, na isipojua injini imefika wapi kwenye mzunguko wake, au ikidhani wewe ni mwizi, haitoi mafuta wala cheche hata upige stata mpaka betri ife.

Na tafadhali usipige stata mpaka betri ife. Sekunde kumi, kumi na tano mwisho, halafu iache ipumzike dakika moja au mbili. Stata inakula umeme mwingi na inachemka haraka. Nimeona mtu ameanza asubuhi na tatizo la fyuzi ya dola moja, akamaliza mchana na tatizo la fyuzi, betri na stata.

Sasa, kabla ya kufungua chochote, kaa kwenye kiti na utumie masikio na macho.

Washa swichi bila kupiga stata. Zima redio, zima feni, mwambie mtoto anyamaze kidogo. Kwenye pikapu nyingi za petroli za hapa Marekani utasikia mlio mdogo, zzzzz, kutoka nyuma chini, karibu sekunde mbili, halafu kimya. Hiyo ni pampu ya mafuta ndani ya tangi inajaza presha. Usiposikia kitu, umeshapata pa kuanzia. Ukiusikia, usishangilie bado, maana pampu inaweza kulia na isisukume vya kutosha.

Angalia dashibodi. Kuna taa ya usalama, mara nyingi ni picha ya kufuli, ya ufunguo, au ya gari lenye kufuli. Ikimemeta wakati unapiga stata, gari imekataa ufunguo wako. Hii ndiyo sababu nimesema "inashika inazima" ni ndugu wa pembeni: kwenye pikapu za Chevrolet na GMC za mwanzoni mwa miaka ya 2000, mfumo wao wa kuzuia wizi hukata mafuta, na dalili yake ya kawaida ni injini kushika, kunguruma sekunde moja, na kuzima, huku taa ikimemeta. Dawa yake haina spana. Unawasha swichi, unaacha ikiwa imewashwa kama dakika 10 mpaka taa iache kumemeta, unazima, unangoja kidogo, unapiga stata. Wakati mwingine unarudia mara tatu, yaani nusu saa nzima umekaa tu ndani ya gari. Chukua chai. Kwenye Ford nyingi taa ya wizi ikimemeta harakaharaka ni shida ileile, na hapo jaribu ufunguo wa akiba kabla ya kumlaumu mtu. Wa Uingereza nanyi mko humohumo, kwa kuwa gari mpya zote huko zimelazimika kuwa na kizuizi cha namna hii tangu Oktoba 1998. Ule ufunguo mliochonga sokoni kwa bei poa unafungua mlango na unazungusha stata, lakini hauna chipu ndani, kwa hiyo hauwashi injini.

Halafu angalia mshale wa mizunguko ya injini huku ukipiga stata. Kwenye gari nyingi, si zote, unatakiwa ucheze kidogo na kupanda juu ya sifuri. Ukilala kimya kabisa kama umekufa, mshuku sensa ya kranki, ile inayoiambia kompyuta injini inazunguka. Bila habari hiyo kompyuta inadhani injini imesimama, kwa hiyo haitoi kitu. Sensa hizi zina tabia mbaya ya kufa zikipata moto na kufufuka zikipoa. Unatoka dukani, gari haiwaki. Unangoja nusu saa huku aiskrimu inayeyuka, inawaka kama si yenyewe. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai mnalijua hili kuliko sisi. Kwenye zile V8 za Chevrolet za miaka hiyo niliyotaja, sensa hii iko nyuma ya stata, kwa hiyo kuifikia lazima stata ishuke kwanza. Fundi akikwambia saa mbili za kazi kwa kitu kikubwa kama kidole gumba, hilo kwa kweli hakudanganyi.

La mwisho ukiwa bado kitini ni mlio wenyewe. Injini nzima ina mdundo, kwa sababu kila pistoni inapokandamiza hewa stata inahisi mzigo. Ikizunguka laini na haraka kuliko kawaida, wiiiiiii, bila mdundo wowote, simama hapohapo. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, au cheni imeruka. Kuendelea kupiga stata kwenye injini za aina fulani ni kugonga valvu kwa pistoni. Mlio huo mzee atautambua hata kwa simu. Mwekee spika.

Geji ya mafuta nayo muongo. Kifaa kinachopima kiwango ndani ya tangi huchakaa, na mshale unabaki nusu hata kama tangi ni kavu. Kabla ya kumwita mtu yeyote, mwagia galoni moja. Najua inachekesha. Inachekesha zaidi ukiwa umeshamlipa mtu wa kuvuta gari.

Na kama una Ford ya miaka ya 1990 au mwanzoni mwa 2000, pale miguuni kwa abiria, pembeni kulia, nyuma ya kipande cha plastiki, kuna swichi inayokata mafuta gari ikipata ajali. Shimo kubwa la barabarani linaweza kuiruka. Teke la mtoto pia. Ina kitufe juu yake, kibonyeze kirudi chini, maliza safari yako. Watu wamenunua pampu mpya kwa sababu ya kitufe hicho.

Sasa nije kwa kijana wa Iowa, ambaye ujumbe wake ndio uliotufanya tuongee habari hizi. Ameniruhusu niuandike, jina tumeliacha.

Anafanya kazi kiwanda cha nyama, zamu ya saa kumi na mbili asubuhi (saa kumi na mbili ya Kiswahili, jamani; kwa saa ya kiwandani ni saa sita asubuhi, msije mkachelewa kwa ajili yangu). Pikapu yake ni ya mwaka 2003, V8, na haimbebi yeye peke yake. Inambeba mama yake na akina mama wengine wawili wa jengo lao, wote zamu moja. Mnajua viwanda hivi na mambo ya pointi: ukichelewa pointi, usipokuja pointi, zikijaa unakabidhi kofia. Kwa hiyo pikapu isipowaka, watu wanne wanapata pointi asubuhi moja. Aliposema hivyo kwenye ujumbe wake, sauti ilibadilika kidogo.

Ilianza Februari. Siku moja inawaka, siku nyingine inapiga stata mpaka basi, haiwaki. Akaipeleka gereji ya jirani. Wakamwambia, "Pikapu hizi kwa kawaida ni pampu," wakabadilisha pampu, dola 900 na kitu. Ikawaka vizuri siku 11. Siku ya 12, asubuhi, mvua imenyesha juu ya theluji, rwa-rwa-rwa-rwa, hakuna kitu. Wakamwambia huenda pampu mpya ni mbovu, au huenda ni kontroli boksi, na hiyo ni dola 1,200 nyingine. Swali lake lilikuwa fupi: "Nirudi pale, au niiuze?"

Sasa sikilizeni hili. Siku ileile ya kwanza, Februari, alimpigia baba yake mdogo aliye Kigoma, fundi wa miaka mingi. Baba mdogo akamuuliza: "Umeangalia ethi?" Kijana akasema ndiyo, ameangalia. Baadaye ananiambia mimi: "Mimi nilidhani anasema kitu kingine, sikuelewa, nikaona aibu kuuliza." Ethi. Waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Kila fundi wa pwani mpaka bara anautaja mara ishirini kwa siku. Kijana huyu anaongea Kiswahili kizuri kabisa, anaimba kwaya kwa Kiswahili, lakini neno la gereji hakulipata, kwa sababu nyumbani kwao hakuna aliyewahi kulitumia mezani. Na ungemwambia kwa Kiingereza angelielewa mara moja, kwa kuwa neno lenyewe limetoka huko.

Tulimwelekeza kupima hivi, na yeyote mwenye kimita cha umeme cha dola 15 anaweza kufanya.

Kwanza fyuzi ya pampu. Nzima. Halafu rilei. Kwenye kisanduku cha fyuzi chini ya boneti kuna rilei kadhaa zinazofanana, na mara nyingi ya honi na ya pampu ni aina moja. Soma namba zilizoandikwa juu yake, zikifanana zibadilishane. Honi ikikataa na gari ikawaka, umemaliza kazi kwa dola chache. Kwake haikuwaka, na honi ililia vizuri tu.

Halafu tangi. Mama akiwa kwenye usukani anapiga stata, kijana akiwa nyuma anagonga chini ya tangi kwa ngumi au nyundo ya mpira, taratibu. Pampu inayokufa mara nyingi hushtuka na kuanza. Yake ilishtuka, gari ikawaka. Wengi hapo wangesema basi, ni pampu, na gereji ile ingesema vilevile. Lakini ngumi haitikisi pampu peke yake. Inatikisa na waya zote zilizo karibu nayo.

Kwa hiyo siku iliyofuata, ilipogoma tena, akapima umeme. Hapa ndipo watu wanapokosea, kwa hiyo naenda polepole. Ukichomoa plagi ya pampu na kupima umeme unaokuja, utapata volti 12 hata kama waya umebaki uzi mmoja, kwa sababu kimita hakivuti mzigo. Ni kama bomba la maji lililoziba: ukifunga koki, presha iko sawa; ukifungua, yanatiririka machozi. Lazima upime pampu ikiwa imechomekwa na inajaribu kufanya kazi. Waya mmoja wa kimita uligusa upande wa ethi wa plagi ya pampu, mwingine ulirefushwa mpaka kichwa hasi cha betri. Mama akawasha swichi. Una zile sekunde mbili tu. Ethi nzima inatakiwa ikuonyeshe karibu na sifuri, sehemu ndogo ya volti moja. Yeye aliona zaidi ya 4. Maana yake volti 4 zilikuwa zinapotea njiani kurudi nyumbani, na pampu inajaribu kufanya kazi kwa kilichobaki.

Akalala chini ya gari, akaufuata waya mweusi. Ulikuwa umefungwa kwa boliti kwenye chesisi, juu ya tangi, chini ya bodi ya mizigo, mahali ambapo chumvi ya barabarani ya miaka 20 ya Iowa inakaa na kunywa maji. Kichwa cha waya kilikuwa kijani na unga, chesisi imeota kutu kama mkate. Walipobadilisha pampu waliusogeza waya ule, kutu ikakwanguka kidogo, umeme ukapita siku 11, kutu ikarudi. Ilipolowa ikakata.

Kichwa kipya cha waya, msasa, boliti mpya, grisi juu yake ili maji yasiingie. Hajafika hata dola kumi. Pampu ya dola 900 iko ndani ya tangi, nzima, na ile ya zamani iliyotupwa huenda nayo ilikuwa nzima.

Sisemi gereji ile ni wezi. Pampu kweli hufa sana kwenye pikapu hizi, na aliyebahatisha mara tisa akapata, mara ya kumi anabahatisha tena. Ninachokataa ni mtu kubadilisha kifaa cha mamia ya dola bila kupima dakika tano. Kubahatisha kwa hela ya mtu anayeamka saa tisa usiku si ufundi.

Nikiwa kwenye pampu, jambo moja ambalo nyumba nyingi zetu linazigusa. Pampu ya ndani ya tangi inapozwa na mafuta yenyewe yanayoizunguka. Ukiishi na tangi robo kila siku, ukiweka dola kumi leo na dola kumi keshokutwa kwa sababu hela ya mwisho wa mwezi imekwenda Western Union, pampu inafanya kazi kwenye joto. Najua kwa nini tunafanya hivyo, wala simhubirii mtu kuhusu nyumbani. Lakini kama unaweza, ishi kwenye nusu ya juu ya tangi badala ya ya chini. Ni hela ileile, imetangulia tu mara moja.

Turudi kwenye presha, maana nimesema kusikia pampu hakutoshi. Pikapu nyingi za petroli zina kivalvu kidogo kwenye bomba la mafuta juu ya injini, kama cha tairi. Watu hukibonyeza kwa bisibisi, mafuta yanaruka, wanasema "mafuta yapo." Acheni. Kwanza petroli juu ya injini ya moto ni hospitali. Pili, kuruka si presha. Mfano mzuri ni V8 za Chevrolet za lita 5.7 za 1996 mpaka mwisho wa miaka hiyo ya 1990. Nozeli zake zinataka kati ya psi 60 na 66. Ikishuka ikawa hamsini na kidogo, mafuta yataruka vizuri usoni kwako na injini inaweza kugoma kabisa, hasa asubuhi ya baridi. Zile za 1999 mpaka 2003 za lita 5.3 zinataka 55 mpaka 62. Geji ya presha unaweza kuazima kwenye maduka mengi ya spea huku: unaacha amana, unarudisha, wanakurudishia hela yako yote. Huduma hiyo watu wetu wengi hawaijui.

Hao hao wa spea, wengi wao watakusomea kodi bure, ila gari lazima ifike kwao, na yako haiwaki. Kimashine cha kusoma kinauzwa kama dola 20, na soketi yake iko chini ya usukani kwenye kila gari ndogo na pikapu iliyouzwa Marekani tangu mwaka wa modeli 1996. P0335 ni saketi ya sensa ya kranki, P0340 ya kemshafti, P0230 ni saketi ya pampu. Angalieni neno saketi. Kodi haisemi "nunua sensa." Inasema kwenye njia hiyo kuna kitu: sensa, plagi yake, waya, au panya aliyejenga kwenye joto la injini yako. Panya wa huku wanapenda waya, mtashangaa. Na kimashine kikishindwa kabisa kuongea na gari, hiyo nayo ni habari: huenda kompyuta yenyewe haipati umeme, rudi kwenye fyuzi.

Cheche sitakaa nayo sana. Nunua kitaa cha kupimia cha dola 8, unakiweka kati ya koili na plagi, mtu anapiga stata, kikimemeta cheche ipo. Msishike waya kwa mkono kama tulivyoona wajomba wakifanya. Koili za leo zinatoa volti makumi ya maelfu. Na mwenye Ford ya V8 ya lita 5.4 ya 2004 mpaka 2008, plagi zako usizifungue mwenyewe kwa pupa. Zilitengenezwa vipande viwili, na zinajulikana kwa kukatikia ndani. Mpe anayezijua, na mwombee.

Kama umepiga stata sana na unanusa petroli, injini imelewa. Kanyaga mafuta mpaka chini kabisa, shikilia hapo, piga stata. Kwenye gari zenye kompyuta hiyo ni ishara ya kukata mafuta ili hewa ikaushe. Ikianza kushika, achia taratibu.

Dawa ya kupulizia, ile ya etha: ukipuliza kidogo sana kwenye mdomo wa hewa, injini ikashika sekunde mbili ikazima, umejifunza kwamba cheche ipo na mafuta hayafiki. Kama kipimo ni sawa. Kama mazoea ya kila asubuhi, hapana. Na kwenye dizeli yenye plagi za moto usijaribu hata mara moja, inaweza kulipuka ndani kabla ya wakati wake na kuvunja vitu.

Wenye dizeli, najua mnanuna. Yenu haina cheche, kwa hiyo maswali ni mengine: plagi za moto zinapata umeme? Hewa imeingia kwenye bomba la mafuta? Filta imejaa maji? Na baridi ikizidi, dizeli ya kawaida huganda kama samli na kuziba filta, ndiyo maana vituo vya kaskazini huuza mchanganyiko wa msimu wa baridi. Wenye Ford za 7.3 mna sensa yenu ya kemshafti ambayo wenye busara huweka ya akiba kwenye droo ya dashibodi pamoja na spana yake. Dizeli nitaifanyia safu yake. Mzee wangu aliendesha malori Tanga mpaka Arusha na ameshasema atakuja studio mwenyewe.

Mwisho, ukimpigia fundi, usimwambie nini kiharibike. Mwambie unachokiona: inapiga stata kwa nguvu, haishiki, pampu inalia au hailii, taa ya usalama inamemeta au haimemeti, ikiwa baridi au ikiwa moto, ilinyesha au haikunyesha. Uliza atatoza kiasi gani kupima tu, na akubaliane nawe kabla ya kubadilisha chochote. Omba makisio kwa maandishi. California kwa mfano, sheria inamtaka akupe kabla ya kuanza kazi. Na mwambie mapema kwamba vifaa vya zamani unavitaka. Hata usipovihitaji, mtu anayejua utaviangalia hupima mara mbili.

Kijana wa Iowa anauliza kama yupo mwenye kujua mtu anayenunua pampu za mafuta zilizotumika siku 11. Anatania, nadhani. Wiki ijayo ni breki zinazolia. Tumeni milio yenu, sekunde ishirini zinatosha, na mtuambie ni gari gani.